Kujua Uendako Bila Kuona Mbali

Nimeishi bila kuona kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni namna ninavyojua niendako. Anayeuliza huwa anafikiria barabara, lakini mazungumzo yakiendelea hugeukia maisha yake mwenyewe: kazi asiyojua kama aiache, masomo yasiyomletea alichotarajia, au umri unaosonga huku njia haijajulikana. Naamini maswali hayo mawili yana jibu moja.

Upofu wangu ulitokana na glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, unaoharibu taratibu mshipa wa fahamu wa jicho na ambao kwa kawaida huanza kupunguza uoni wa pembeni kabla ya kufika katikati. Mgonjwa haoni giza likimsogelea. Ubongo huziba sehemu zilizopotea kwa kukisia kutokana na kilicho jirani, hivyo picha huonekana kamili hata pale ilipokwisha kupungua, na ndiyo sababu wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. (Kama una mzazi au ndugu wa damu aliyepata glakoma, tafadhali kapimwe macho hata kama unaona vizuri, kwa kuwa uoni uliopotea kwa ugonjwa huu haurudi.) Mwenye macho mazima naye hajasalimika na hali hiyo. Pale mshipa wa fahamu unapotoka nyuma ya jicho hapana chembe za kupokea mwanga, jambo ambalo Mfaransa Edme Mariotte alilionyesha katika karne ya 17, na bado hakuna anayeliona tundu hilo katika kile anachokitazama.

Kwa hiyo hisia ya kuona kila kitu haithibitishi kwamba unakiona. Mtu anaponiambia kwamba hali yake anaiona wazi kabisa na kwamba hakuna mlango uliobaki, humuuliza amezungumza na nani aliyesimama upande mwingine wa jambo hilo. Mara nyingi hajazungumza na yeyote. Amejaza mwenyewe sehemu asizozijua, kisha akaamua kana kwamba alizichunguza.

Kupapasa kumenifunza kitu kilicho kinyume cha haraka hiyo. Jicho hupata umbo zima kwanza na sehemu zake baadaye, lakini mkono hupata sehemu moja, kisha nyingine, na umbo zima huja mwisho. Louis Braille, aliyekuwa kijana wa miaka 15 alipokamilisha msingi wa maandishi ya nukta nundu mwaka 1824, aliuchukua mfumo wa Charles Barbier uliotumia nukta 12 akazipunguza hadi 6, kiasi ambacho ncha ya kidole inaweza kukitambua kwa mguso mmoja. Ukubwa wa herufi ulifuata uwezo wa kidole. Nami huwashauri wanaolemewa na swali la maisha yao yote walikate kwa namna hiyo, washughulikie sehemu inayoweza kuhisiwa kwa mara moja, na wasitoe hukumu kabla sehemu za kutosha hazijapatikana.

Tukirudi barabarani, wengi hudhani kwamba kwenda moja kwa moja ni suala la nia. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake, wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha utafiti ambao ndani yake watu waliotembea msituni jua likiwa limefunikwa na mawingu walizunguka na kurudia njia yao wenyewe bila kujua, huku waliotembea jua likionekana wakishika mwelekeo vizuri zaidi. Waliofungwa macho walizunguka katika miduara midogo zaidi. Makosa madogo ya kila hatua hujumlishana, na hakuna juhudi ya ndani inayoyasahihisha. Kinachosahihisha ni kitu kilicho nje ya mtembeaji.

Ndiyo maana mwalimu aliyenifundisha fimbo nyeupe alitumia muda mrefu zaidi kwenye alama kuliko kwenye fimbo yenyewe. Fimbo hukueleza kilichopo hatua moja au mbili mbele, na hiyo inatosha mradi unajua unafuata nini. Alinitaka nitenganishe alama za kudumu, kama kona ya ukuta au mteremko wa njia, na dalili za kupita, kama sauti ya redio au harufu ya jiko. Dalili husaidia, lakini redio huzimwa. Aliyepanga safari yake kwa dalili peke yake hupotea siku zisipokuwepo.

Nilipolazimika kuacha kazi ya kuchora ramani za majengo, maoni ya watu yalikuwa mengi na yote yalikuwa dalili: huruma ya mmoja, sifa za mwingine, hofu ya wa tatu. Nilijiuliza ni nini kilichokuwepo katika kila kazi niliyowahi kuipenda na ambacho hakikuondoka na macho, nikakuta kwamba ni kumwelekeza mtu, kwa subira, jambo linalomtatiza. Leo nawafundisha watu waliopoteza uoni ukubwani. Sikuiona kazi hii kutoka mbali. Niliigusa kwanza kwa kumsaidia jirani, kisha rafiki yake, nikawa naulinganisha mwelekeo wangu na alama ile kila baada ya hatua chache.

Nawe ukiomba msaada, angalia unavyosaidiwa. Anayejua kumwongoza asiyeona hamshiki wala kumsukuma kutoka nyuma. Humwachia amshike juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yake, ili mwili wa kiongozi umpe habari za kila ngazi na kona, na aweze kuachia mkono anapotaka. Mtafute mshauri wa namna hiyo, anayekueleza anachokiona na kukuachia uamuzi wa kugeuka.