Kabla hujaandika pati tuu, ipasue kwanza Joker ya pili

Joker ya kwanza, kisa cha klauni muuaji, iliingia kumbi za Marekani tarehe 4 Oktoba 2019. Ya pili, Joker: Folie à Deux, ikaingia tarehe hiyo hiyo mwaka 2024. Mwongozaji yule yule, Todd Phillips. Mwandishi mwenzake yule yule, Scott Silver. Joaquin Phoenix, aliyetwaa Oscar kwa kazi ya kwanza, alirudi na mbavu zake za kuhesabika, na juu yake akaongezwa Lady Gaga. Ukiangalia kwenye karatasi hakuna kilichopungua. Lakini ya kwanza ilitumia dola zisizozidi milioni 70 ikaingiza zaidi ya bilioni 1. Ya pili ilikula karibu milioni 200 na ikaingiza kama milioni 207 dunia nzima.

Kama unapanga pati tuu ya filamu yako, iwe ya kumbi kubwa au ya YouTube, maiti hii itakufundisha mengi kuliko kusifia zile zilizofanikiwa.

Soma namba kwa zamu

Wengi hukimbilia jumla ya mapato. Anza na wikiendi ya kwanza. Marekani na Kanada pati tuu ilipata karibu dola milioni 38, wakati pati wani ilikuwa imepata milioni 96. Wikiendi ya kwanza haipimi uzuri wa filamu, maana wanunuzi wa tiketi bado hawajaiona. Inapima hamu, na hamu ilikwisha kupoa mapema: filamu ilionyeshwa tamasha la Venice mwanzoni mwa Septemba, na maneno ya wahakiki yakatangulia mwezi mzima.

Namba ya pili ni alama ya CinemaScore. Hawa ni watu wanaogawa kadi kwa watazamaji siku filamu inapofunguliwa, nao wanaipa alama kuanzia A+ hadi F. Pati wani ilipata B+. Pati tuu ilipata D, ya chini kuliko filamu yoyote kubwa iliyotokana na vitabu vya katuni vya mashujaa. Kumbuka wanaojaza kadi hizo ni nani: ni wale waliotoka nyumbani siku ya kwanza kabisa, wapenzi wa kufa na kuzikana. Filamu ya kutisha ikipata C hakuna anayeshtuka, ndiyo kawaida yake. D kutoka kwa wapenzi wako ni jambo jingine.

Ya tatu ndiyo inayouma. Wikiendi ya pili mapato yalishuka kwa asilimia 81, hadi kama milioni 7. Filamu za aina hii kwa kawaida hupungua nusu au zaidi ya nusu kidogo. Wikiendi hiyo hiyo namba moja ilichukuliwa na Terrifier 3, iliyotengenezwa kwa kama dola milioni 2, na muuaji wake ni klauni. Kwa hiyo usiseme watu walichoka klauni.

Walilipia nini mara ya kwanza?

Pati wani ni kisa cha Arthur Fleck: mchekeshaji asiyechekesha, anayeshikwa na kicheko asichokitaka, anayeuguza mama yake, anayepigwa teke mtaani na kwenye treni. Dakika kwa dakika unasubiri apasuke. Mwisho, akiwa amejipaka uso wa klauni na kujiita Joker, anampiga risasi mtangazaji wa televisheni mbele ya kamera, na baadaye anasimama juu ya boneti ya gari huku umati wenye vinyago vya klauni ukimshangilia. Raha ya filamu ile ilikuwa hapo, kumwona aliyeonewa akigeuka wa kuogopwa. Kama raha hiyo ni njema au mbaya, huo ni mjadala mwingine, nao ulijadiliwa sana mwaka 2019. Ila ndiyo bidhaa iliyouzwa.

Pati tuu inamchukua mtu huyo inamfungia Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo kama gereza, na mahakamani, kisha inaanza kuwauliza watazamaji kwa nini walimpenda. Lee, anayechezwa na Gaga, anampenda Joker na wala hana haja na Arthur. Arthur anapotamka mbele ya baraza la wazee wa mahakama kwamba hakuna Joker, ni yeye tu, Lee anainuka na kuondoka. Baadaye anamwacha kwenye zile ngazi maarufu ambako Joker alicheza katika pati wani. Anayejua kusoma filamu anaelewa haraka: Lee ni mimi na wewe tuliokata tiketi. Kama wazo, si baya hata kidogo. Lakini ni sawa na kumwalika mtu karamu, ukamtoza kiingilio, kisha ukamsuta ulafi akiwa na tonge mkononi.

Filamu ina tukio moja linalofanya kazi, na linafaa kurudiwa mara mbili tatu ukiwa na kalamu. Gary, yule mfanyakazi mwenzake mfupi wa kimo ambaye Arthur alimwacha hai katika pati wani baada ya kumuua mwenzao mbele yake, anaitwa kutoa ushahidi. Arthur amemfukuza wakili wake, amejipaka rangi za Joker, anamhoji Gary kwa lafudhi ya kuigiza ya watu wa kusini ya Marekani. Ukumbi unacheka. Gary hacheki. Anatetemeka, anaeleza hofu aliyonayo tangu siku ile, na kwamba Arthur ndiye peke yake kazini ambaye hakuwahi kumdhihaki. Lafudhi ya Arthur inaanza kumlegea mdomoni. Tukio hili halina gharama yoyote, ni kiti na watu wawili, na linashika kwa sababu linatumia deni lililowekwa miaka mitano kabla. Mtazamaji anamkumbuka Gary akishindwa kufikia komeo la mlango.

Linganisha na mwisho. Kwenye vibanda umiza kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua: steringi hafi. Unaweza kuivunja, wengi wameivunja vizuri, ila kifo kinunue kitu. Arthur anachomwa kisu na mfungwa ambaye kisa hakikutupa sababu ya kumjali wala kumwogopa. Watu wakatoka kimya.

Wimbo usiosogeza kisa

Nyimbo zenyewe si kosa. Kosa ni kwamba wimbo unapoanza Arthur amekaa mahali fulani, na unapoisha amekaa pale pale. Nyingi ni za zamani zenye umaarufu wake, zinaimbwa ndani ya kichwa chake, kisha tunarudi gerezani na hakuna kilichoamuliwa. Katika filamu ya nyimbo iliyoshonwa vizuri, mtu anaanza wimbo akiwa hajathubutu na anaumaliza akiwa ameshathubutu. Wahindi wanalijua hili, na sisi tuliokua na filamu zao tunalijua hata kama hatujawahi kulitaja: wimbo ukiisha, binti ameshakubali au ameshatoroka.

Hapa ndipo wahakiki na watazamaji walipokutana, kitu kisichotokea kila mara. Mhakiki alichoka kwa sababu kisa hakiendi. Mtazamaji alikasirika kwa sababu hakuambiwa kuna nyimbo kiasi hicho. Katika matangazo, Phillips na Gaga wote walisita kuiita filamu ya nyimbo, na trela zilionyesha zaidi ngazi, mahakama na busu. Ukificha aina ya filamu yako unaweza kuuza tiketi za Ijumaa. Jumamosi waliodanganywa wanakutangazia bure.

Hesabu

Studio haichukui dola yote ya tiketi. Inabaki na karibu nusu, nje ya Marekani mara nyingi pungufu ya hapo, na matangazo yana bajeti yake pembeni. Ndiyo maana watu wa biashara hii huzidisha gharama ya kutengeneza kwa mbili na nusu ili kukisia mahali hasara inapoishia. Pati wani kwa milioni 70 ilihitaji kama milioni 175, na ilizipita wikiendi ya kwanza tu, kwa kuwa dunia nzima ilipata zaidi ya milioni 230. Pati tuu ilihitaji karibu milioni 500. Na cha ajabu, pesa hiyo huioni kwenye skrini: sehemu kubwa ya kisa ni selo, korido na chumba cha mahakama.

Bajeti kubwa peke yake haiui. Terminator 2 ya mwaka 1991 iligharimu takriban dola milioni 100 wakati ya kwanza ilitumia zisizofika 7, na ikafanikiwa pakubwa. Tofauti ni kwamba James Cameron aliibakiza injini: mashine isiyochoka inamfukuza mtu, muda ni mchache. Alichogeuza ni upande. Yule tuliyemkimbia mwaka 1984 sasa ndiye mlinzi, na nyuma yake inakuja mashine mbaya zaidi. Top Gun: Maverick ya mwaka 2022 nayo ilingoja miaka 36, ikafunguka karibu sawasawa na ya kwanza, kisha ikamweka rubani aliyezeeka mbele ya mtoto wa rafiki yake aliyekufa. Raha ni ile ile, swali ni jipya.

Injini ikikosekana, hakuna cha kuokoa. Speed ya mwaka 1994 unaweza kuieleza kituoni kabla daladala haijafika: basi lina bomu, likishuka chini ya maili 50 kwa saa linalipuka. Mji una foleni, taa, kona, wavuka barabara, na kila kimoja ni hatari. Iligharimu kama dola milioni 30, ikaingiza 350. Mwaka 1997 wakaleta Speed 2, safari hii kwenye meli ya watalii. Keanu Reeves alikataa kurudi, na watu bado wanalitaja hilo kama sababu. Si sababu kubwa. Meli ni nzito na taratibu, na bahari haina foleni. Zaidi ya dola milioni 100 zilitumika, zikarudi kama 164 za tiketi, na ukipiga hesabu ya mbili na nusu unaona shimo.

Kuna na ugonjwa wa kazi ya nyumbani. The Marvels ya mwaka 2023 ilitaka uwe umetazama mifululizo ya Disney+ ndipo uwajue wanawake wawili kati ya watatu wanaobeba kisa. Captain Marvel, pati wani yake, ilikuwa imepita bilioni 1. Hii iliishia kama milioni 206.

Sasa wewe

Huku kwetu neno pati tuu lina historia yake. Enzi za DVD filamu nyingi za Bongo ziliuzwa pati wani na pati tuu, ila hicho kilikuwa kisa kimoja kilichokatwa kisu katikati ili kiuzwe mara mbili. Mnunuzi alirudi kwa kubanwa. Muendelezo wa kweli unamrudisha mtu ambaye alishamaliza kisa na kwenda zake, na hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kabla ya ukurasa wa kwanza, tafuta watu kumi walioiona pati wani na usiwaulize wanataka nini. Waambie wakusimulie filamu, kila mmoja peke yake, wewe unaandika. Tukio litakalotajwa na wanne au zaidi bila kuchokozwa ndilo deni lako. Mara nyingi si lile ulilotumia pesa nyingi.

Kisha andika sentensi moja: fulani ana shida gani ambayo pati wani haikuimaliza? Ukijikuta unabuni shida mpya kabisa ili upate sentensi, huna pati tuu. Una filamu nyingine, ipe jina lake na wahusika wake. Arthur juu ya boneti lile alikuwa amefika mwisho wa safari yake, na hili lilipaswa kuonekana mezani, kabla ya kuajiri yeyote.

Skripti ikikamilika, pita tukio kwa tukio, na pembeni ya kila moja andika kilichobadilika. Si kilichotokea, kilichobadilika. Kama matukio mawili yanayofuatana yana nafasi tupu pembeni, moja litoke. Nyimbo, ngoma, ndoto na kumbukumbu zipite kwenye kipimo hicho hicho, bila huruma, hata kama msanii wake ni jina kubwa.

Bajeti ipange kana kwamba nusu tu ya watazamaji wa kwanza watarudi. Ukiona kwa hesabu hiyo filamu haiwezekani, punguza maeneo ya kupigia picha kabla ya kupunguza siku. Kuhamisha vifaa na watu kunakula pesa kuliko unavyofikiri, na siku zikipungua ndipo uigizaji unaharibika.

Halafu onyesha. Kata ya kwanza, yaani filamu ilivyohaririwa mara ya kwanza, hata kama sauti haijasafishwa na rangi hazijarekebishwa, ipeleke mbele ya watu kama 16: nusu walioiona pati wani, nusu hawakuiona, wala asiwepo ndugu wa msanii yeyote. Kaa nyuma na saa. Mwanga wa simu ukiwaka, andika dakika. Filamu ikiisha gawa karatasi kabla hawajaanza kuongea wao kwa wao, maana mmoja mwenye sauti kubwa atawabadilisha wote. Wageni wakipotea dakika kumi za mwanzo, umewapa kazi ya nyumbani, ongeza maelezo mawili matatu kwenye mazungumzo. Wazoefu wakinuna mwisho wakati wageni wako sawa, kuna deni hujalipa, na hilo halitengenezeki kwenye meza ya kuhariri. Ndiyo maana onyesho hili lifanyike ukiwa bado na pesa ya siku mbili za kurudi kupiga picha, na wasanii wako hawajanyoa.