Koyoti wa Texas: msimu haufungwi, ila ardhi ina mwenyewe

Ukisoma kanuni za uwindaji za jimbo la Texas utaona koyoti hana msimu. Huyu ni mnyama wa jamii ya mbwa, anayefanana sana na bweha wetu, na huwindwa Januari hadi Desemba, mchana na usiku, bila kikomo cha idadi. Ndiyo maana wengi, wakiwemo ndugu zetu waliohamia Houston, Dallas na Abilene, hudhani bunduki na gari vinatosha. Havitoshi. Karibu asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Kinachowafikisha wawindaji wa koyoti mahakamani mara nyingi ni seng'enge waliyoivuka, wala si tarehe waliyowinda.

Leseni kwanza. Mwaka wa leseni huanza Septemba 1 na kwisha Agosti 31, hivyo anayenunua Julai amelipia wiki chache tu. Mkazi, yaani aliyeishi Texas zaidi ya miezi sita mfululizo, hulipa dola 25. Mgeni kutoka jimbo jingine hahitaji ile leseni kubwa ya dola 315. Ya siku 5 kwa dola 48 inamtosha kwa koyoti. Hakikisha bei kabla ya kununua, maana hubadilishwa. Aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baada ya hapo lazima awe na cheti cha mafunzo ya wawindaji, na mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anaweza kuyamaliza mtandaoni.

Sheria inasamehe leseni pale koyoti anaposhambulia mifugo, anapokaribia kuishambulia au ametoka kuishambulia. Kama wewe ni mwalikwa tu, usiegemee msamaha huo. Askari wa wanyamapori akikusimamisha saa nane usiku atataka kuonyeshwa mbuzi aliyeliwa.

Kwa wahamiaji kuna jambo ambalo hata Wamarekani wenyewe wengi hawalijui. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa awe na sababu mojawapo inayokubalika. Leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani ni mojawapo. Kwa hiyo leseni iwe mfukoni kabla hujaishika hata bunduki ya rafiki. Mwenye kadi ya kijani hayumo katika katazo hili. Anayeishi nchini bila kibali cha uhamiaji amekatazwa kabisa, na leseni ya uwindaji haimwokoi.

Sasa ruhusa yenyewe. Kosa la kawaida ni kumwomba mtu asiye na haki ya kuitoa. Shamba moja la Texas linaweza kuwa na watu watatu: mmiliki anayeishi mjini, mfugaji aliyekodi malisho, na wawindaji waliokodi haki ya kuwinda paa (deer). Jina la mmiliki hupatikana kwenye ramani za ofisi ya kaunti inayotathmini ardhi kwa ajili ya kodi. Nyingi ziko mtandaoni na ni bure. Ukishampata, swali la kwanza liwe: nani mwingine ana haki humu ndani? Waliokodi kwa ajili ya paa wamelipa fedha nyingi, na milio ya risasi zako usiku huwaharibia. Msimu wa paa kwa bunduki huanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba na kuendelea hadi Januari, kusini ukichelewa kidogo kufungwa. Basi omba nafasi ya Februari kwenda mbele.

Februari ina faida nyingine. Koyoti hupandana kati ya Januari na Machi, mimba huchukua siku kama 63, na watoto huzaliwa Aprili na Mei. Wazazi wanaolisha watoto ndio wanaorudi kwenye kundi lile lile la mbuzi au kondoo usiku baada ya usiku, hivyo kuwapunguza Februari, kabla hawajazaa, humsaidia mfugaji. Katika nyanda za Edwards Plateau na kuzunguka San Angelo, kwenye mifugo midogo mingi, mfugaji anayehesabu vitoto vilivyopotea husikiliza haraka kuliko mwenye shamba la pamba.

Nenda mchana. Usivae nguo za kuwindia, na bunduki ibaki nyumbani. Geti likiwa limefungwa usiliruke ili ukabishe hodi. Piga simu au andika barua. Ukiona mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo, hiyo ni sawa na bango la kukataza kuingia. Sheria inataka mstari uwe wima, urefu usiopungua sentimita 20, upana sentimita 2.5, na ncha yake ya chini iwe kati ya sentimita 90 na 150 kutoka ardhini. Porini mistari haipaswi kupishana zaidi ya mita 30, na penye uwazi mita 300. Kutojua maana yake si utetezi.

Akikubali, omba maandishi hata kama yeye anaona mkono unatosha. Karatasi moja inatosha: majina na simu zenu, kaunti na eneo la shamba, tarehe za kuanza na kuisha, mnyama anayewindwa, mchana au usiku, aina ya silaha, idadi ya watu, namba ya gari, na saini. Andika kuwa humdai chochote ukiumia, kwa sababu hofu ya kushtakiwa ndiyo inayowafanya wengi wakatae. Muulize pia kama kuna mitego au sumu iliyotegwa, na kama ana mbwa weupe wakubwa wa kulinda mifugo. Mbwa hao hutembea na mbuzi usiku kucha, na kwenye darubini inayoonyesha joto hawana weupe wowote: ni umbo la moto lenye miguu minne. Kumpiga mbwa wa mwenyeji kunamaliza ruhusa palepale, na majirani wote watasikia.

Ruhusa ya shamba moja haivuki ua. Texas ni kosa kufyatua kwa kujua risasi ipite mpaka wa shamba, isipokuwa una makubaliano ya maandishi na mwenye ardhi ya upande wa pili, au pande zote ni zako. Koyoti aliyejeruhiwa akipenya kwa jirani, humfuati mpaka jirani akubali. Kupiga risasi ukiwa kwenye barabara ya umma au ukingo wake ni marufuku. Taa usiku inaruhusiwa kwenye ardhi binafsi, lakini mpigie simu askari wa wanyamapori wa eneo kabla ya kuingia, vinginevyo mtu ataona mwanga na kuripoti majangili. Ukikuta watoto hai pangoni usiwabebe. Kusafirisha koyoti hai ndani ya Texas kumezuiwa kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Ukivuka jimbo, anza upya. Ohio koyoti yuko wazi mwaka mzima, lakini ruhusa ya ardhi binafsi lazima iwe ya maandishi. Colorado unahitaji ruhusa hata pasipo na bango lolote, na Minnesota ni hivyo kwa ardhi ya kilimo. Huko Minnesota pia mbwa mwitu (wolf), anayefanana na koyoti, analindwa, basi hakikisha unachokilenga. New York ina msimu hasa, Oktoba hadi mwishoni mwa Machi, na haufunguliwi ndani ya Jiji la New York wala Long Island. Maine, wanakoishi Wakongo na Wanyarwanda wengi wa Portland na Lewiston, mchana ni mwaka mzima, ila usiku ni kuanzia Desemba 16 hadi Agosti 31 tena kwa kibali cha ziada. Uwindaji wa Jumapili huko umepigwa marufuku, hivyo usiku wa Jumamosi bunduki inafungwa saa sita kamili.