Si kila sehemu ya skima inahitaji rizolva

Umeuliza, ndugu, kama katika skima yenu ya GraphQL (lugha ya kuomba data kutoka kwenye seva; skima ndiyo maelezo ya aina za data na sehemu zake) ni lazima kila sehemu ya aina ya Jahazi iandikiwe rizolva yake, yaani kitendaji kinacholeta thamani ya sehemu hiyo. La, si lazima. Katika GraphQL ya JavaScript, sehemu isiyo na rizolva husomwa moja kwa moja kutoka kwenye objekti mzazi, yaani rekodi ya jahazi lenyewe, kwa jina lilelile. Kwa hiyo, ikiwa rekodi za majahazi yenu ya Lamu tayari zina "jina" na "bandari", thamani hizo zitapatikana bila wewe kuandika chochote. Rizolva huhitajika pale ambapo jina la sehemu linatofautiana na lile lililomo katika hifadhidata, au thamani inapaswa kukokotolewa au kuletwa kutoka jedwali jingine, kama vile nahodha. Sehemu hii ya nahodha, kwa kweli, ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa sababu rizolva yake huitwa mara moja kwa kila jahazi, na orodha ya majahazi 50 itazaa maulizo 50 ya ziada kwenye hifadhidata usipoyakusanya pamoja, kwa mfano kwa kutumia DataLoader, maktaba ya kukusanya maulizo. Maktaba za GraphQL za lugha nyingine za programu zinaweza kuwa na kanuni tofauti.