Kichwa hakiniumi, presha imetoka wapi?

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na kisukari. Maswali ya mwezi huu karibu yote yamehusu presha, yaani shinikizo la juu la damu, na nimechukua matano ya kujibu hapa.

Swali: Nilikwenda kung'oa jino, nikapimwa presha ikasoma 158/98. Ni fundi wa kuchomelea, miaka 44, nabeba vyuma kutwa na kichwa hakiniumi. Presha imetoka wapi? (Temeke)

Kaka, kichwa kutouma hakukuhakikishii chochote. Wengi wenye presha hawasikii kitu, na wengi wanaoumwa kichwa wana presha nzuri tu. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa moyo unapopiga, ya chini ni pale moyo unapotulia kabla ya pigo lingine. Moja kati ya hizo ikifika 140 kwa 90 au kupita, katika siku mbili tofauti, ndipo tunasema ni presha.

Kipimo chako hicho kimoja bado hakinitoshi. Maumivu ya jino hupandisha presha, na diklofenaki au ibuprofeni, kama ulikuwa ukimeza, nazo hupandisha. Rudi upime baada ya wiki moja au mbili. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara. Kojoa kwanza. Kisha kaa kimya dakika 5, umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Nimeona wagonjwa wanapimwa wamesimama, mkono wa shati umekunjwa hadi unabana, huku wanaulizwa jina na umri. Omba kiti. Si usumbufu, ni kipimo chako hicho.

Ikithibitika kuwa ni presha, utapimwa pia mkojo, sukari na figo. Tafadhali usikwepe vipimo hivyo, kwa sababu figo huharibika kimya kimya kama presha yenyewe.

Swali: Mie nina presha ya kushuka. Nikiinuka naona kiza. Jirani kaniambia nilambe chumvi. Nina miaka 61. (Tanga)

Shikamoo mama. Naomba usilambe chumvi kabla hujapimwa. Kiza cha macho ukiinuka kinaweza kutokana na upungufu wa maji, upungufu wa damu, au dawa unazotumia, na baadhi ya wanaojiita wa presha ya kushuka nimewapima nikawakuta wako juu ya 160. Mwambie mhudumu akupime umekaa, kisha akupime tena ukiwa umesimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, tatizo lipo, na litatafutiwa chanzo. Kwa sasa, ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla hujasimama.

Swali: Baba ameandikiwa dawa lakini hataki kuanza. Anasema ukianza dawa za presha huachi mpaka kufa, bora kitunguu saumu na rozela. Nimwambie nini? (Mombasa)

Dada, hofu hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu ilimpata mjomba wangu. Alimeza vidonge miezi mitatu, akapimwa 128 kwa 80, akafurahi, akaviacha. Mwaka haukuisha, asubuhi moja mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayatoki. Nyumbani wakasema ni upepo, kumbe ni kiharusi. Siku mbili zikapita kabla hajafikishwa hospitali. Aliishi, lakini hakushika jembe tena.

Mwambie baba kwamba dawa haimfungi mtu. Mtumbwi unaovuja hufuliwa maji kila siku, na ukiacha kufua maji hurudi, wala si kufua kulikouvujisha. Ile 128 ya mjomba ilikuwa kazi ya kidonge. Wapo wanaopunguziwa dawa baada ya kupungua uzito, chumvi na pombe, ila hupunguziwa na daktari huku wakipimwa.

Kitunguu saumu na rozela vinaweza kushusha presha kidogo, namba chache. Ale kitunguu chake, anywe rozela bila sukari, lakini visikae mahali pa dawa.

Kuhusu dawa zenyewe, utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na haidroklorothayazaidi au na perindoprili hushusha presha ya Waafrika vizuri kuliko hizo mbili za mwisho zikiunganishwa zenyewe. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Perindoprili na enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Wanaume wengine huacha dawa kwa kuona nguvu zimepungua, na huona haya kusema. Aseme. Presha yenyewe huharibu mishipa ile ile, na dawa hubadilishwa. Akifunga Ramadhani, amuulize daktari kuhusu kumeza usiku. Asiache mwezi mzima.

Siku yoyote ikisoma 180 kwa 120, naye ana maumivu ya kifua, anahema, anaona maruweruwe au amelegea upande mmoja, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Chumvi kiasi gani kwa siku? (Dodoma)

Chini ya gramu 5, ambayo haijai hata kijiko cha chai, na humo imo ya mkate, ya ng'onda, ya unga wa mchuzi na ya chipsi. Magadi unayotia kwenye maharage au mlenda nayo ina sodiamu, ingawa hakuna anayeihesabu.

Swali: Nina mimba ya wiki 31. Uso na mikono vimevimba, kichwa kinagonga, naona vimulimuli. Mama mkwe anasema ni mimba ya mtoto wa kiume. (Morogoro)

Hili sikulingoja ukurasa huu. Nilimjibu siku ile ile: mdogo wangu, ondoka sasa, nenda hospitali, wala si zahanati ya jirani kama hospitali inafikika. Dalili hizo baada ya wiki 20 zinaweza kuwa za kuelekea kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Hospitali hupima presha na protini kwenye mkojo, na ina sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Na wewe unayetumia losartani au enalaprili na unatarajia kushika mimba, mwambie daktari mapema ubadilishiwe, kwani dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.