Chanzo kikishatoweka, matokeo yanatoka wapi?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: ikiwa Wabuddha wanasema kila kitu hupita, mbegu iliyokwisha kuoza inazaaje mche?

Swali hilo liliwagawa Wabuddha wenyewe. Wafuasi wa shule ya Sarvastivada walishika kwamba dharma, yaani vipengele vya msingi vya mambo yote, zipo katika nyakati zote tatu, hivyo tendo la jana bado lipo na laweza kuzaa tunda leo. Wa shule ya Sautrantika walikataa: cha jana hakipo tena. Kilichopo ni mfululizo wa nukta za muda, kila moja ikiirithisha inayofuata uwezo ambao wao waliuita mbegu. Mwanafalsafa wa Kibuddha Vasubandhu aliuandika mjadala huo kwa kirefu, na mimi naegemea upande wa Sautrantika.

Sababu yangu naipata kwa Dharmakirti, mwanafalsafa mwingine wa Kibuddha, aliyesema kuwepo ni kuwa na uwezo wa kutenda. Chukua mbegu isiyobadilika hata chembe. Itaota lini? Kama uwezo inao tayari, mbona haioti sasa hivi? Utasema inangoja maji. Haya, maji yameiongezea kitu au hayakuiongezea? Yakiiongezea, imebadilika. Yasipoiongezea, inayangojea ya nini? Kwa hiyo kisichobadilika hakizai chochote, na kupita kunakokutia shaka ndiko kunakoiwezesha mbegu kuwa chanzo.

Wengi hukosea kwa kudhani kuna kitu kinachohama kutoka kwenye mbegu kwenda kwenye mche. Wengine, wakikikosa kitu hicho, husema hakuna uhusiano wowote. Kanuni ya kale haitaji kuhama: hiki kikiwepo, kile huwepo, hiki kikikoma, kile hukoma. Wala mbegu haifanyi kazi peke yake. Sutra ya Mche wa Mpunga, andiko la Kibuddha, inataja pia udongo, maji, joto, upepo, nafasi na majira. Kimoja kikikosekana, mche hauoti.

Kwa mtu, kanuni hiyo ina pete 12, kama za mnyororo, kuanzia ujinga hadi uzee na kifo. Usihangaike kuzikariri zote kwanza. Tazama ya 7, hisia, na ya 8, kiu. Ukiwa umeketi kutafakari na goti likauma, maumivu ni hisia. Kutamani yaondoke ni kiu, na hilo ni jambo jingine. Yafuate maumivu yenyewe: yanapanda, yanahama, yanafifia. Ukiyaona hivyo bila kuyasukuma, kiu inakosa pa kushika, na ya 9, kung'ang'ania, haizaliwi.

Mama yako