Kumudu kusi kwa Kiingereza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mashua ya wageni hapa Shela. Mgeni aliniuliza sisi tuna-"cope" vipi na kusi, ule upepo utokao kusini, bahari inapochafuka. Neno hili lina maana gani?
Nahodha, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. "Cope" ni kumudu: shida ipo, lakini haijakulemea. Ukisema "we face strong winds", umemweleza tu kwamba upepo mkali unawakabili. Ukisema "we cope with strong winds", ameshajua kuwa mwapunguza tanga, mwapita mlango wa bahari ("channel") kati ya Lamu na Manda, na riziki yapatikana. Mimi hupenda vijana wetu walijue neno hili, maana lina heshima ya mtu anayejiweza.

Shikilia "with". Wengi husema "cope up with". Hiyo "up" imetoka kwa "keep up with", na Kiingereza sanifu hakiikubali. Shida ikiwa imeshatajwa, "with" yenyewe huachwa: "It is hard, but we cope."

Akikuuliza tena, mjibu: "We cope with kusi by staying in the channel." Baada ya "by", kitendo huishia na "-ing".