Jibu: Kuwaeleza wakwe wa Machame imani ya Kimormoni

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: baba mkwe wako ni Mlutheri wa Machame, Kilimanjaro, wewe ni Mmormoni, umekataa kata ya mbege (pombe ya ndizi) mbele ya wazee, sasa inasemwa umeingia Freemason, na unauliza uwaelezeje imani yetu.

Kwanza, usianze na Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu. Ukifungua na malaika na mabamba ya dhahabu aliyosema alioneshwa, umewapoteza. Anza na jina kamili: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Yesu alikufa, akafufuka, ndiye Mwokozi. Biblia tunaisoma, na Kitabu cha Mormoni, kilichochapwa 1830, tunakiweka pamoja nayo.

Halafu usifiche tofauti. Kwetu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali, umoja wao ni wa kusudi, si Utatu wa Mungu mmoja kama kwa Walutheri. Mchungaji akiwepo atakubana hapo. Mkubalie kwamba hamfanani.

Linalouma zaidi, kwa nilivyoona kwa wakwe zangu, ni mjukuu. Wao wanabatiza mtoto mchanga, sisi tunasubiri afikishe miaka 8. Waambie mapema kwamba mchanga hupewa jina na kubarikiwa kanisani, na uwaalike waje. Kwangu hilo lilituliza zaidi ya hoja zote.

Wakiuliza kuhusu wake wengi: kanisa lilitangaza kuacha 1890, na leo anayeoa wa pili anafukuzwa kanisani.

Katazo la mbege na kahawa linatokana na Neno la Hekima, mwongozo wa afya wa kanisa letu, la 1833. Omba maji, kaa na wazee mpaka mwisho. Msimu ukifika kamsaidie mzee kuchuma kahawa yake. Katazo ni la kunywa.